Nani Yumo Ndani ya Ua la Deizi?

Chukua ua la deizi, lile dogo lenye kitovu cha njano na ukingo mweupe, uliweke juu ya karatasi nyeusi. Kwa ncha ya sindano, chomoa kipande kimoja cheupe kutoka ukingoni. Usikivute kwa pupa; kitoe pamoja na kitako chake. Ukikitazama kwa lenzi ya mkono utaona kwamba kitakoni kimejikunja kikawa kibomba, ndani ya kibomba kumesimama kijiti chenye ncha iliyogawanyika mara mbili, na chini kabisa kuna kifuko kidogo kinachosubiri kuwa mbegu. Ulichokishika si petali. Ni ua zima, ua la kike, ambalo petali zake zimeungana na kurefuka upande mmoja kama ulimi.

Sasa geukia ile njano ya katikati. Kila kitone ni ua jingine, kibomba chenye meno matano mdomoni, na humo mna sehemu za kiume na za kike pamoja. Deizi moja hubeba vijiua vya namna hii kwa makumi. Kichwa kikubwa cha alizeti hubeba zaidi ya elfu moja. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilichukua ua la pili, kisha la tatu, maana sikuamini kwamba kitu nilichokiita ua tangu utotoni kilikuwa kijiji kizima.

Wataalamu wa mimea hukiita kichwa. Kile kikombe cha kijani kinachokishika kwa chini, ambacho mtu angedhani ni sepali, ni majani madogo yaliyojipanga kukizunguka: ua lililozungushiwa ua. Sepali zenyewe za kila kijiua, kwa mimea mingi ya jamii hii, zimegeuka kitu kingine kabisa. Kwa mchunga zimekuwa nywele laini zinazoibeba mbegu kwenye upepo. Kwa kishona nguo zimekuwa vijiti viwili au vitatu vyenye vimiiba vilivyoelekea nyuma, vinavyonasa kwenye suruali ya mpita njia. Jina la kitaalamu la kishona nguo ni Bidens, Kilatini cha "meno mawili". Hilo ni jina linaloeleza mmea ulivyo. Majina mengi katika familia hii hayaelezi chochote, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Familia yenyewe huitwa Asteraceae, kutokana na neno la Kigiriki aster, nyota. Ina spishi zaidi ya 25,000 katika jenasi (makundi ya spishi zilizo ndugu wa karibu) zaidi ya 1,600, na hupatikana kila bara isipokuwa Antaktika. Ukichukua mimea yote duniani inayotoa maua, karibu mmoja katika kila kumi ni wa familia hii. Okidi peke yake ndizo zinazoweza kushindana nayo kwa wingi. Imo alizeti, imo letisi, imo pareto, yamo dalia na krisanthemo za bustani, umo pakanga, yamo magugu yasiyo na hesabu, na imo hata miti.

Maswali mawili huulizwa sana kuhusu familia hii, na huulizwa kwa pamoja kana kwamba ni moja. Kwa nini letisi na alizeti ziwe ndugu? Na kwa nini mimea yake mingi ina majina ya watu, na majina yenyewe hayatulii? Kuipanga mimea ni kazi moja. Kuipa majina ni kazi nyingine, yenye kanuni zake. Anayezichanganya hudhani kwamba wanasayansi hawajui wanachokifanya, na nataka kuonyesha kwamba wanajua.

Nani ndugu wa nani

Letisi kwanza, maana jibu lake ni fupi. Mche wa letisi ukiachwa mpaka utoe maua, utaona vichwa vidogo vya njano vilivyojengwa kwa mpango uleule wa deizi, ila vijiua vyote ni vya umbo la ulimi, na kila ulimi una meno matano kwenye ncha, moja kwa kila petali iliyoungana. Kitovu cha vibomba hakuna. Alizeti ina ndimi ukingoni na vibomba katikati. Mbaruti, kwa upande wake, hauna ndimi kabisa, ni vibomba vitupu. Nyumba tatu, ramani moja.

Carl Linnaeus, Msweden ambaye kitabu chake cha mwaka 1753 ndicho mwanzo rasmi wa majina ya mimea tunayotumia leo, aliipanga mimea kwa kuangalia sehemu zake za kiume na za kike. Katika vijiua vya deizi aliona jambo la ajabu. Vifuko vitano vya chavua vimegandana ubavu kwa ubavu vikafanya mrija. Kijiti cha kike hukua ndani ya mrija huo kikiisukuma chavua nje, kama mtu anayesafisha bomba kwa kijiti, na kikishatokeza juu ndipo hufungua ncha zake mbili kupokea chavua ya wengine. Linnaeus aliyakusanya maua yote yenye vifuko vilivyogandana akayaweka katika daraja moja, Syngenesia.

Daraja hilo liliukaribia ukweli sana, lakini kwa kuwa lilifuata alama moja tu liliingiza wageni. Vifuko vya lobelia na vya violeti navyo hushikana, basi zikalazwa chumba kimoja na alizeti. Leo tunajua kwamba violeti iko mbali kabisa na deizi. Lobelia ni jirani wa karibu zaidi, lakini ana familia yake.

Aliyeingia ndani ya familia na kuigawa vyumba kwa makini alikuwa Mfaransa, Henri Cassini, aliyezaliwa mwaka 1781. Wapenzi wa anga wanalijua jina hilo. Giovanni Domenico Cassini, aliyeuona ule mwanya wa giza katikati ya pete za Zohali, ndiye chanzo cha ukoo. Henri alikuwa kilembwe wake. Vizazi vinne kabla yake vilifanya kazi ya falaki Paris. Yeye akawa jaji, na muda wake wa ziada akautumia kwa familia ya mimea ambayo leo inaitwa kwa jina la nyota. Alikagua kile kijiti cha kike kwa uvumilivu ambao ni vigumu kuueleza kwa asiyewahi kukitazama: ncha zake zimechongoka au zimekatwa, nywele zimeota wapi, sehemu inayopokea chavua imekaa kama mistari miwili au imeenea uso mzima. Kwa alama hizo aliigawa familia katika makundi ambayo lugha ya uainishaji huyaita makabila, na mengi aliyoyachora bado yapo. Kipindupindu kilimuua mwaka 1832, akiwa na miaka 50.

Mwaka 1873 Mwingereza George Bentham aliyaweka makabila kuwa 13, na mpango wake ukatumika kwa zaidi ya karne.

Lakini kulikuwa na swali ambalo macho hayakuweza kulijibu: nani alitoka nyumbani kwanza? Mwaka 1987 Robert Jansen na Jeffrey Palmer walichapisha matokeo ya kulinganisha DNA, maandishi ya urithi, iliyomo katika kloroplasti, vile vijumba vya kijani vilivyo ndani ya seli za jani. Karibu familia nzima, waliona, ina kipande cha herufi zipatazo 22,000 kilichogeuzwa. Fikiria uzi wa shanga uliokatwa mahali pawili, kipande cha kati kikageuzwa mbele nyuma, kisha kikafungwa tena. Mimea iliyo nje ya familia haina mgeuko huo. Na ndani ya familia, waliokosa mgeuko huo ni kundi dogo tu la mimea ya Amerika Kusini, mingi yake vichaka vyenye miiba.

Tafakari maana yake. Kundi hilo liliachana na wenzake kabla kipande hakijageuka. Wengine wote, kuanzia letisi hadi alizeti, wametokana na mmea mmoja uliopatwa na tukio hilo mara moja, wakalirithi wote. Alama ya namna hii haidanganyi kama umbo la ua linavyoweza kudanganya, kwa sababu ni vigumu sana kipande kilekile kukatika mahali palepale na kugeuka vilevile mara mbili. Ugunduzi huo ulizielekeza akili Amerika Kusini katika kutafuta chimbuko la familia, na huko Patagonia, Argentina, kimepatikana kisukuku cha kichwa cha maua chenye umri wa miaka milioni 47 hivi.

Kundi hilo kongwe limeitwa kwa jina la jenasi Barnadesia, na jina hilo ni la mtu: Miguel Barnades, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Hispania katika karne ya 18. Barnades hakujua lolote kuhusu DNA. Jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye kichaka kimoja cha mbali, na mti wa ukoo ulipochorwa upya likajikuta kwenye tawi la kwanza.

Jina ni kigingi

Kila spishi ina majina mawili. La kwanza ni la jenasi, la pili ni lake. Anayejua ubini ataelewa haraka, ila hapa jina la baba hutangulia. Mmea ukionekana kuwa ulipangwa kwenye jenasi isiyo yake, huhamishwa: jina la kwanza hubadilika, la pili hubaki, pengine likirekebishwa mwishoni kufuata sarufi ya Kilatini. Pareto imeandikwa Pyrethrum cinerariifolium, imeandikwa Chrysanthemum cinerariifolium, na sasa ni Tanacetum cinerariifolium. Mmea ni uleule, na sumu yake ya kuua wadudu ni ileile. Kilichobadilika ni maoni juu ya nyumba unakotoka.

Swali gumu ni hili: nyumba yenyewe ikigawanywa, nani anabaki na jina? Kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea inalijibu kwa kitu ambacho kwa Kiswahili ningekiita kigingi. Kila jina limefungwa kwenye kielelezo kimoja: jina la spishi kwenye sampuli moja iliyohifadhiwa, jina la jenasi kwenye spishi moja. Halifungwi kwenye maelezo. Jenasi ikivunjwa, jina hukaa na kipande chenye kigingi, hata kiwe kidogo namna gani, na vipande vingine vitafutiwe majina yake.

Aster, jenasi inayoipa familia nzima jina, ilikuwa na mamia ya spishi kutoka mabara kadhaa. Kigingi chake ni Aster amellus, mmea wa Ulaya na Asia. Mwaka 1994 mtaalamu wa mimea Guy Nesom alichapisha hoja kwamba aster za Amerika Kaskazini si ndugu wa karibu wa mmea huo, na uchunguzi wa DNA ukaiunga mkono. Karibu zote zikaondoka na kupewa majina mengine, nyingi zikaingia jenasi Symphyotrichum. Familia haikuguswa. Imefungwa kwenye Aster, Aster imefungwa kwenye amellus, na amellus haikuhama.

Kisa cha krisanthemo kwangu ndicho kinachoonyesha jambo hili waziwazi kuliko vyote. Kigingi cha jina Chrysanthemum kilikuwa kwenye Chrysanthemum coronarium, mmea wa Mediterania unaoishi msimu mmoja. Jenasi ilipogawanywa, jina likabaki nao kihalali, na zile krisanthemo zenye asili ya Asia Mashariki, zinazofungwa mashada dunia nzima, zikajikuta zinaitwa Dendranthema. Wakulima wa maua na waandishi wa vitabu vya bustani walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki: jina lilikuwa limezoeleka kwa mamilioni ya watu. Kanuni ina mlango kwa ajili ya hali kama hiyo. Mwaka 1999 kigingi kiling'olewa kikachomekwa kwenye Chrysanthemum indicum. Krisanthemo za bustani zikarudishiwa jina lao, na ule mmea wa Mediterania ukawa Glebionis coronaria.

Mwaka ule hakuna undugu wowote uliobadilika. Hakuna DNA mpya iliyosomwa wala tawi lililosogezwa. Lilikuwa jambo la majina tupu, likaamuliwa kwa njia ya majina.

Ndiyo maana nasema jina la mmea hufanya kazi kama jina la mtu. Mtu aitwaye Mashaka halipotezi jina lake siku anayopata utulivu. Jina limefungwa kwake yeye, si kwenye hali aliyozaliwa nayo.

Niongeze kwamba familia yenyewe ina majina mawili, yote halali. Mbali na Asteraceae kuna Compositae, "zilizoungwa pamoja". Hili ni kongwe zaidi. Haliishii kwa -aceae kama utaratibu unavyotaka, lakini limelindwa pamoja na majina mengine machache ya zamani. Mimi hulipenda kuliko lile la nyota, kwa sababu linataja kile ulichokiona kwa sindano.

Watu waliomo

Linnaeus alipenda kuipa mimea majina ya watu, na inafaa kujua jina lake mwenyewe lilitoka wapi. Baba yake aliitwa Nils Ingemarsson, yaani Nils bin Ingemar. Alipoingia chuo kikuu alihitaji jina la ukoo, akalitoa kwenye mti mkubwa wa lindeni uliosimama kwenye ardhi ya kwao, akalivisha Kilatini: Linnaeus. Mwana wa aliyejiita kwa mti akaja kuita mimea kwa watu.

Akiwa mwanafunzi maskini Uppsala, Linnaeus alipewa kazi ya kufundisha watoto nyumbani kwa Olof Rudbeck mdogo, profesa aliyekuwa mtoto wa profesa mwenye jina hilohilo. Baadaye aliwalipa kwa Rudbeckia, mmea mrefu wenye kichwa cha miale ya njano, akaeleza kwamba urefu wake ni kimo cha Rudbeck na miale ni jinsi alivyong'aa kati ya wasomi wenzake. Upande wa pili kuna Sigesbeckia. Johann Georg Siegesbeck, aliyekuwa St. Petersburg, aliushambulia mpango wa Linnaeus kwa kusema kwamba kupanga mimea kwa viungo vyake vya uzazi ni uchafu usiofaa kufundishwa vijana. Kisa kinachosimuliwa tangu zamani ni kwamba Linnaeus alimjibu kwa gugu. Ukiligusa ua la Sigesbeckia vidole hunata, maana vijani vinavyozunguka kichwa chake vina nywele zenye utomvu.

Wengi waliomo wamesahauliwa kabisa nje ya bustani. Johann Gottfried Zinn aliandika mwaka 1755 juu ya maumbile ya jicho la binadamu, na nyuzi nyembamba zinazoishikilia lenzi ya jicho bado huitwa kwa jina lake katika vitabu vya tiba. Alifariki mwaka 1759 akiwa na miaka 31, na mwaka huohuo jina Zinnia likachapishwa. Gerbera ni Traugott Gerber, Mjerumani aliyesimamia bustani ya mimea ya dawa Moscow. Gerber kwa Kijerumani ni fundi wa kulainisha ngozi, kwa hiyo ndani ya ua hilo lenye rangi kali kuna babu fulani aliyechosha mikono yake kwenye mapipa ya magome.

Dalia lina historia ndefu zaidi. Mwaka 1791, Madrid, Antonio José Cavanilles aliupokea mmea kutoka Mexico akauita Dahlia, kwa heshima ya Anders Dahl, mwanafunzi wa Linnaeus aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Dahl, kwa lugha za Skandinavia, ni bonde. Miaka kama kumi baadaye, Berlin, Carl Ludwig Willdenow aliona kwamba jina hilo linagongana na jingine lililopewa mmea tofauti, akalibadilisha kuwa Georgina, kumheshimu Johann Gottlieb Georgi. Kanuni ilimkatalia Willdenow, kwa sababu jina lililotangulia kuchapishwa ndilo lenye haki. Lakini watu hawaongei kwa kanuni. Mpaka leo kwa Kirusi ua hilo ni georgin. Na Georgi, sawa na Joji, ni neno la Kigiriki georgos, mkulima. Ua moja: kwa kanuni ni la Bonde, kwa Warusi ni la Mkulima.

Kisha kuna stevia, jani tamu linalouzwa badala ya sukari. Cavanilles aliitoa jenasi hiyo kwa Pedro Jaime Esteve, tabibu wa Valencia wa karne ya 16. Esteve ni Stefano, na Stefano ni stephanos, Kigiriki cha taji. Spishi yenye utamu, kutoka Paraguay, ilielezwa na Moisés Bertoni mwaka 1899, akaipa jina la pili kwa heshima ya mkemia Ovidio Rebaudi. Bertoni aliiweka kwanza katika jenasi Eupatorium, na Eupatorium nayo ni mtu: Mithridates Eupator, mfalme wa Ponto aliyeogopa kupewa sumu. Ilipohamishwa mwaka 1905 ikawa Stevia rebaudiana. Mfalme akatoka, tabibu akaingia, mkemia akabaki. Hicho ndicho kinachotokea mmea unapobadilishiwa jenasi, na sijaona mfano unaoonyesha vizuri kuliko huo.

Majina nayo huchakaa midomoni. Galinsoga ni gugu dogo lenye ndimi tano nyeupe, lililoitwa kwa Ignacio Mariano Martínez de Galinsoga, tabibu wa kifalme wa Hispania. Waingereza walilisikia jina hilo, wakalifanya gallant soldiers, askari hodari. Tabibu kageuzwa kikosi kizima.

Na maua yaliyomo ndani ya watu

Safari huenda pia upande wa pili. Deizi kwa Kiingereza cha kale ilikuwa dæges eage, jicho la mchana, kwa kuwa hujifunga jioni na kufunguka asubuhi. Wafaransa waliita ua la jamii hiyo marguerite, jina lilelile la Margareta, na Margareta ni margarites ya Kigiriki, maana yake lulu. Kwa hiyo Margareta na Lulu ni jina moja kwa lugha mbili. Sasa fuata uzi: kwa Mwingereza aliyejua Kifaransa, msichana aitwaye Margaret alikuwa na jina la ua, na ua hilo kwa Kiingereza ni daisy, basi nyumbani akaitwa Daisy. Malkia Margrethe II wa Denmark, aliyeachia kiti mwaka 2024, huitwa Daisy na jamaa zake, kama alivyoitwa bibi yake mzaa mama, Margaret wa Connaught. Asiyejua uzi huo hawezi kukisia kwamba Daisy na Margaret ni mtu mmoja, maana majina hayo hayashiriki hata silabi. Undugu wao haumo kwenye umbo, umo kwenye historia, kama ule wa letisi na alizeti.

Susana naye ana mzunguko wake. Kwa Kiebrania ni shoshana, yungiyungi. Waamerika wanaosema Kiingereza walipohitaji jina la kawaida la Rudbeckia hirta, yenye kitovu cheusi, waliiita Susan mwenye macho meusi. Mtu aliyepewa jina la yungiyungi akalikopesha kwa ua la familia ya deizi, lisilo na undugu wowote wa karibu na yungiyungi.

Jina ninalolirudia mara nyingi kuliko yote lilitolewa Ningbo, China, mwaka 1930. Baba wa mtoto wa kike alichagua neno kutoka mkusanyo wa kale kabisa wa mashairi ya Kichina, kwenye shairi la kulungu wanaoitana porini. Sauti yao imeandikwa youyou. Mtoto akaitwa Tu Youyou. Katika shairi hilo kulungu wanalia na kula, na kila ubeti unataja mmea wanaoula. Ubeti wa pili unataja hao, jina la Kichina la mimea ya jenasi Artemisia, mimea ya familia ya deizi yenye vichwa vidogo visivyo na ndimi, vinavyoinama kama vishanga vya kijani.

Tu Youyou alikua akawa mtafiti wa dawa. Kuanzia mwaka 1969 aliongoza kikundi kilichotafuta tiba ya malaria katika maandishi ya kale. Dondoo la mmea uitwao qinghao lilifanya kazi siku moja, siku nyingine likashindwa. Akarudi kwenye maagizo ya tabibu Ge Hong, wa karne ya 4: loweka konzi ya qinghao kwenye maji, kamua, kunywa. Hapakutajwa kuchemsha. Akaelewa kwamba moto ndio ulioiharibu dawa, akaitoa kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo lililowaponya wanyama wa majaribio. Kilichomo ndani yake ni artemisinini, inayofanya kazi leo ndani ya dawa mseto ya malaria, na iliyompa Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kwa wataalamu wa mimea, qinghao aliyoitumia ni Artemisia annua. Qing ni kijani. Hao ni ileile ya ubeti wa pili, inayoliwa na kulungu wanaolia youyou.